Uzito wa Kikombe cha Mama

Kwako dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za mdogo wako mwenye mdomo mrefu kuliko barabara. Natumaini barua hii inawakuta wewe na mama mkiwa na afya, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Na mama mikono yake ikoje? Bado inatetemeka asubuhi? Mwambie nimemwota juzi, ananigombeza kwa kosa nisilolijua, nikaamka nina furaha siku nzima. Huku sisi wazima. Baba watoto kifua kimetulia, anakula vizuri, maana yake anakula chake na cha wengine. Watoto wamekua, siku hizi hawanisalimii mpaka wawe na shida. Kuku mmoja kaibiwa na mwizi namjua, tena tunasalimiana, lakini hiyo naiacha, kwa sababu nikianza na kuku sitafika kwenye habari yenyewe.

Habari yenyewe, dada, ni kwamba keki ya mama imeingia kiwandani. Ile ile ya tangawizi, ile uliyosema wewe mwenyewe kwamba haiwezi kufundishwa kwa mtu wala mashine, itakwisha siku mikono ya mama itakapochoka. Haikwisha. Sasa hivi ninavyokuandikia, trei zake zimepangwa ukutani zinapoa, harufu imetoka mpaka barabarani, na watu wanaopita wanasimama kujifanya wanafunga kamba za viatu. Na mimi nimetoka kwenye meza ya kufungia mikate. Lakini ona sasa, nimeanzia mkiani. Ngoja nirudi kichwani.

Unajua kazi yangu. Tangu yule wa mwisho aache kunyonya niko kwenye ile meza. Mkate unakuja, unautia mfukoni, unafunga, unaweka kwenye trei, na mwingine umeshafika. Nimesimama na shoga yangu tunayemwita Sindano, kwa sababu ni mwembamba na kila neno lake linachoma. Mikono inafanya kazi yake na midomo inafanya yake. Mimi huku wananiita Redio. Sikasiriki, redio inawafaa watu. Nani angejua kwamba mke wa fundi cherehani karudi kwao, kama si mimi?

Lakini kuna jambo moja sikumwambia mtu, mimi huyu ninayesema kila kitu. Mbele ya meza yetu kuna mlango wa chumba cha jiko dogo. Mikate inaokwa kwenye jiko kubwa kule nyuma, na hilo dogo lilikuwa la keki, mpaka mzee wa keki alipostaafu akaondoka na mapishi yake yote kichwani. Chumba kikabaki baridi, kimefungwa. Basi mimi miaka yote hiyo nafunga mkate huku jicho liko kwenye ule mlango. Nilikuwa nakitaka, dada. Nilitaka nisimame mbele ya jiko langu na aproni yangu, nipike kitu kitoke mkononi mwangu, sio kila siku kuvisha nguo watoto waliozaliwa na mwingine.

Sasa siku moja bosi akaja. Bosi wetu ni mwanamke mnene, mwema, ila ana haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Akatuita wote akasema chumba kile kinamlia nafasi bure, anakivunja kiwe stoo ya mifuko. Ila kama kuna mtu ana keki nzuri ambayo kiwanda kinaweza kuipika, ailete kabla mwezi haujaisha, yeye ataionja, ikimpendeza jiko litawashwa na mwenye keki atakaa humo. Nikanyoosha mkono. Sindano akanikanyaga mguu chini ya meza, lakini mkono ulishapanda. Nikasema mama yangu ana keki. Bosi akasema vizuri, nenda kamwone Gramu, akaondoka.

Gramu ndiye mwokaji mkuu. Jina hilo amepewa kwa sababu anapima kila kitu, watu wanasema hata majani ya chai ya nyumbani kwake yanapita kwenye mizani kwanza. Mtu mrefu, mkimya, aproni imepigwa pasi mpaka kamba. Mkewe alifariki zamani, anaishi na paka, na paka mwenyewe mkimya. Kwenye mlango wa chumba chake cha kupimia kuna kibao kakiandika kwa mkono wake, KIMYA, kwa sababu kuna siku mtu alimsemesha akatia chumvi mara mbili, mikate ya siku nzima ikaenda kwa mifugo. Mimi na yeye kwa miaka yote tulikuwa tumesalimiana tu, maana akiniona nakuja alikuwa anakumbuka ana kazi upande mwingine.

Nikamwendea, nikamwambia keki ni vikombe vitatu vya unga, kimoja na nusu cha sukari, na kadhalika. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali moja tu: kikombe cha nani? Nikamwambia cha mama. Akauliza kikubwa kiasi gani, nikamwonyesha kwa mikono. Akaiangalia ile mikono kama unavyomwangalia mtoto anayekwambia ameona tembo chumbani. Lakini hakunicheka, akanieleza taratibu. Mashine yake inameza nusu gunia kwa mara moja. Leo napima mimi, kesho nimeumwa anapima Sindano na kikombe chake, keshokutwa mwingine na bilauri, na mnunuzi anataka keki ya leo iwe ndugu wa tumbo moja na ya jana. Kwa hiyo niende, nikageuze vikombe vyote kuwa gramu, ndipo nirudi.

Kikombe unakikumbuka, kile cha bati cheupe chenye ua la bluu lililobanduka na mpini unaocheza. Mama alipohamia kwako mimi nilichukua kikombe na wewe ukachukua cherehani, na sijawahi kulalamika, ingawa majirani wote waliona.

Nikaenda nacho kwa muuza duka, nikamwomba anipimie kimoja cha unga kwenye mizani yake. Gramu mia na sitini. Nikatoka pale naimba. Kikombe si ni kikombe? Nikaandika kila penye kikombe, gramu mia na sitini. Unga hivyo, sukari hivyo, kila kitu hivyo. Gramu akaangalia hesabu yangu, nyusi zikapanda kidogo, lakini akasema pika, akanipa kona ya jiko kubwa. Dada, ilitoka keki nyeupe kama mgonjwa, haina utamu wala adabu. Nikampelekea baba watoto kipande, na unamjua baba watoto, mtu aliyewahi kula ubwabwa wa mtoto na kusema umekolea. Alitafuna, akatafuna, halafu akauliza kama kuna mkate.

Ndipo Gramu akaniita mezani kwake. Akajaza kikombe cha mama unga, akapima, akamwaga. Akajaza kile kile sukari, akapima. Mia mbili hamsini na tano. Akaniuliza kama nimewahi kubeba debe la mkaa na debe la mchanga. Nikasema nimebeba yote mawili kichwani, na shingo inakumbuka. Akasema basi debe ni moja ila mzigo si mmoja, na kikombe ni hivyo hivyo, kila kitu kina uzito wake ndani ya kikombe kimoja. Nikacheka mwenyewe. Kitu nimekijua kwa shingo tangu utoto, kumbe kichwa kilikuwa hakijapelekewa taarifa.

Basi tukapima kila kitu upya, ndani ya chumba chake. Unga peke yake, sukari peke yake. Tangawizi tukabishana, maana kijiko cha mama ni cha kilima na kijiko cha Gramu ni cha kukatwa juu kwa kisu, tukakubaliana kilima kipandishwe mizani kama kilivyo. Na muda wote huo nilikuwa kimya. Naapa. Nilifunga mdomo mpaka taya zikauma. Sindano alikuwa anachungulia kwenye kioo na wenzake, walishaahidiana soda, yeye anasema nitazimia kabla ya hamira. Sikuzimia. Nikapika. Keki ikapanda vizuri, ina rangi, ina harufu, nikaanza kutabasamu. Halafu pale pale machoni pangu ikabonyea katikati, ikakaa chini polepole kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Tukarudia. Ikabonyea. Gramu akabadilisha moto, ikabonyea. Jioni nikarudi nyumbani na hasira, nikapika kwa kikombe hicho hicho huku namlalamikia baba watoto, jiko langu bovu, mlango wake umefungwa kwa waya, na keki ikasimama wima kama askari. Nikaichukua kesho yake nikaipeleka kazini, watu wakaimaliza, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu sasa walijua keki nzuri ipo. Wakaanza kusema Redio anaficha kitu. Kwamba kuna kiungo nakitia nyumbani, kazini sikitaji, ili siku nikiondoka niondoke nacho kama yule mzee. Sindano, shoga yangu wa damu, akasema mbele za watu kwamba mwenzetu kailoga mizani. Alisema kwa utani, lakini mwezi ulikuwa unakwisha, na fundi ujenzi alishakuja na utepe wake kupima mahali pa kubomoa kwenye ukuta wa chumba cha jiko dogo.

Siku hiyo nilienda nyuma ya magunia ya unga nikalia, dada. Nakwambia wewe tu. Nilijiona nitazeeka pale mezani, nafunga mikate mpaka siku watakayonifunga mimi. Gramu akanikuta. Nikadhani ataniambia niache kumpotezea muda. Akasimama pale na aproni yake, akakohoa, akasema, "Mama, mimi siamini kwamba unaficha kitu. Wewe huna uwezo huo."

Hajawahi kunisifia mtu kama vile. Akasema kama tatizo haliko kazini, basi liko nyumbani, na Jumapili atakuja kuniona ninavyopika.

Akaja kweli. Mizani yake kaiviringisha kwenye taulo, kaishika kifuani kama mtoto mchanga, majirani wote madirishani. Baba watoto akamwamkia akakimbia, anasema watu wakimya wanamtia njaa. Nikampa Gramu kigoda, akaweka mizani mezani, ile ndogo bapa yenye namba zinazowaka. Akaniambia nifanye kama siku zote, nisimjali, ila kila nikishajaza kikombe nikiweke kwenye mizani kabla ya kumwaga. Yeye akatoa kalamu.

Kikombe cha kwanza nilijaza kwa heshima zote, mdomo umefungwa kama niko kwenye chumba chake. Mia na sitini. Sasa, dada, jikoni kwangu ni jikoni kwangu. Mtu kakaa kwenye kigoda changu, mgeni, unamnyamaziaje? Nikaanza kumsimulia kisa cha mwanamke mmoja mjane na bwana aliyekuja kumposa. Nikawa nasimulia huku nachota unga, na kisa kikapata moto, na mimi nikapata moto. Nikaweka kikombe cha pili. Gramu akaangalia namba, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. Mia mbili na tano.

Akaniambia kimwage, kijaze tena, bila kusema neno. Nikajaza kimya. Mia na sitini. Akakaa akanitazama mkono, sio uso, mkono. Halafu akasema, "Sasa endelea. Yule mwanamke alimjibu nini huyo bwana?"

Nikaendelea. Na hapo akanionyesha kitu ambacho nimekifanya maisha yangu yote sikukijua. Kila nikifika kwenye neno zito, nagonga kikombe mezani. Alikuja amevaa suti, ko. Suti yenyewe ya kuazima, ko. Mwanamke akamtazama juu mpaka chini, ko, ko. Na kila nikigonga, unga unashuka, unashikana, pale juu panabaki nafasi, na mimi bila kufikiri naongeza mwingine, naendelea na kisa. Nikinyamaza sigongi, unga unakaa umetuna kama pamba, kikombe kimejaa kwa macho tu. Ndiyo maana kazini keki ilibonyea, unga ulikuwa hautoshi. Ndiyo maana nyumbani inasimama. Gramu akauliza nani alinifundisha kupima hivyo.

Ni mama, dada! Unamkumbuka mama dirishani? Jirani yuko upande wake anachambua mboga, mama upande wake anapima unga, sisi wawili chini ya meza tunasubiri kulamba bakuli, na juu yetu ko, ko, ko. Ukisikia ko moja, mtu kanunua kiti kipya. Ko tatu, mtu kafumaniwa. Tulikuwa tunajua habari nzito kwa mlio kabla hatujaelewa maneno. Tukidhani ni hasira, tukidhani ni tabia tu. Kumbe ndivyo keki ilivyokuwa inapikwa. Hakumfundisha mtu kwa sababu mwenyewe hakujua. Umbea wa mama una uzito wake, dada, nimeuona kwa macho kwenye mizani: gramu arobaini na tano kwa kila kikombe.

Na wewe ulivyo mtulivu, unayepika umefumba mdomo kama uko kwenye mtihani, ndiyo maana keki yako ilikuwa inabonyea miaka yote, ukanituhumu kwamba mama alinipendelea akaninong'oneza. Hakuninong'oneza. Mama alijua kunong'ona? 

Basi Gramu akafunga kalamu na tabasamu, tena tabasamu lenye meno, mimi ndiye mtu wa kwanza kiwandani kuyaona, yapo yote. Tukapima vikombe vitatu vya maneno, vikakubaliana karibu kabisa, akachukua hesabu ya katikati. Kesho yake akaizidisha kwa mashine kubwa. Hiyo hesabu ni yake, mimi sikuigusa, mimi nilisimamia tangawizi. Mashine ikazunguka, ikatoa uji mzito, mzuri, wenye kung'aa, tukautia kwenye trei, na jiko dogo likawashwa kwa mara ya kwanza tangu mzee wa keki aondoke, likatoa moshi wa vumbi na mende mmoja mzee aliyekuwa amepanga humo.

Bosi akaja na haraka zake, na fundi ujenzi nyuma yake kabeba nyundo. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko. Wafanyakazi wote wamejazana mlangoni. Gramu akafungua mlango wa jiko, akavuta trei, na hakuna aliyepumua, kwa sababu wote walikuwa wanaangalia katikati. Ikasimama. Tukaisubiri. Ikazidi kusimama. Akavuta ya pili, ya tatu, zote zimetuna vifua kama mabwana harusi. Bosi akakata kipande akala amesimama, anaangalia saa. Akakata cha pili, akaacha kuangalia saa. Cha tatu akavuta kiti. Alipomaliza akajifuta mdomo, akamgeukia fundi ujenzi, akamwambia, "Baba, chukua kipande, halafu urudishe nyundo yako nyumbani."

Kelele zilizopigwa pale zilimwamsha mlinzi wa usiku nyumbani kwake. Sindano alinikumbatia mpaka nikachomwa na mifupa yake, halafu akaniomba msamaha kwa lile neno la kuloga mizani, halafu akauliza kama kuna kazi ya msaidizi. Yuko nami humu ndani sasa. Bosi akaniuliza keki iitweje, nikasema iitwe Keki ya Mama, akasema wazo zuri. Kwa hiyo dada, mwambie mama pole pole, mkiwa mmekaa, kwamba keki yake sasa inapikwa na mashine kubwa kuliko kitanda chake, na haihitaji tena mtu agonge chochote. Hata Gramu, na ukimya wake wote, akiipika inatoka ile ile. Mimi naongea humu ndani kutwa nzima kwa raha zangu tu, sio kwa ajili ya unga.

Sasa dada, ushindi nimeshakupa wote, limebaki jambo dogo. Ningependa ulisome ukiwa umetulia.

Lile la mwanamke mjane nililokuwa namsimulia Gramu. Ni wewe. Kisa chako na yule bwana wa suti ya kuazima, alivyokuja kukuposa, akajisifia sebuleni mpaka jua likashuka, ukamwomba awashe jiko la mkaa ili umchemshie chai, akashindwa, akamwita mama amsaidie. Na wewe ukamwambia, bwana, mimi watoto nimeshamaliza kulea, ukamwonyesha geti. Nilimsimulia mpaka hapo. Ule unga wenye uzito sahihi, dada, ni habari zako. Sikupanga, ndicho kisa kilichokuwa mdomoni, na ni kizuri mno kukiacha kilale.

Nilidhani yameishia pale. Lakini kesho yake, katikati ya kuzidisha hesabu, Gramu akaniuliza huyo mwanamke anaishi wapi. Siku nyingine akauliza kama anapenda maua au ni mtu wa mboga. Nikamwambia ni dada yangu tumbo moja, na ulimi wake ni wembe. Akasema ameshausikia. Halafu akawa anajaza chai ya watu bila kupima, majani kwa kukadiria, watu wakaja kuniuliza mwokaji mkuu anaumwa nini. Mwishowe juzi akanisimamia mlangoni, anakunja taulo na kulikunjua, akasema ana ombi, kwamba keki ya kwanza ya jiko dogo ni haki ya mama, lakini basi linairusharusha, ingebonyea njiani, afadhali iletwe na mtu anayejua kuibeba.

Kwa hiyo huyo mtu mrefu aliyekukabidhi bahasha hii, mwenye boksi alilokataa kulitua chini, ndiye Gramu mwenyewe. Usimwangalie sasa hivi, atajua umefika hapa. Kama ni yeye basi yuko kimya, lakini usimdhanie ana kiburi, anapima maneno. Sijamwahidi chochote kwa niaba yako. Nilimwambia kitu kimoja tu, kwamba dada yangu hakimbizwi, na yeye akasema hata keki nzuri haikimbizwi. Kama hakufai, mpe chai na kipande arudi salama, maana kazini bado namhitaji. Kama anafaa, nijibu mapema, nami nitajitahidi kutomwambia mtu. Nitajitahidi, sikuapa.

Mama apewe kipande cha katikati, ndipo palipokuwa na shida, aseme ukweli wake bila kunionea huruma. Msalimie yule jirani yako wa juu, na mwanawe aliyefaulu. Baba watoto anawasalimu, anauliza kama mtamaliza keki yote. Watoto wanabusu mikono ya bibi yao. Mungu awaweke, na goti lipone, maana huenda tukalihitaji kwa kucheza.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Redio, wa jiko dogo.